Walikuwa Wengi

Chuma alirudi kutoka kazini jioni, akasukuma mlango wa nyumba yake mwenyewe, akakuta Mwalimu Mkuu anamtabasamia kutoka mezani. Si mmoja. Walikuwa kama mia tano, wamefungwa mafungu mafungu kwa mipira, wamepangwa palepale familia inapolia chakula, kila mmoja na tai ileile na meno yaleyale. Chini ya kila sura kulikuwa na maneno: Wodi ya wazazi haifungwi. Nichagueni.

"Nani kamleta huyu mtu humu ndani?"

Mumewe, fundi saa ambaye hufanyia kazi zake dirishani ili apate mwanga, aliinamia saa aliyokuwa ameifungua kana kwamba mna jambo la kufa na kupona ndani yake. Mjukuu wao wa miaka minne, aliyekuwa amejikunyata chini ya meza, alinyoosha kidole kuelekea jikoni. Mtoto hajui siasa.

"Ni mimi, mama," binti yake aliitikia. "Vipeperushi tumevichapa dukani leo. Nimevileta nivikunje."

"Uvikunje."

"Ndiyo."

"Wewe. Kwa mikono yako hiyo."

Binti alitokea mlangoni akijifuta maji kwenye kanga. Alikuwa na miaka ishirini, mpole wa sauti, na alifanya kazi kwenye duka la kutoa nakala. "Na kura nitampa," alisema. "Afadhali ulisikie kwangu kuliko ulisikie mtaani."

Chuma alichukua fungu la kwanza akalirusha uani. Akachukua la pili, nalo likaenda. Alipofika la tatu mumewe aliweka koleo yake chini na kusema, "Mama watoto, vya watu hivyo," naye akamwambia anyamaze, na la tatu likawafuata wenzake.

Jina la Chuma alipewa hospitalini, ambako alikuwa amefua mashuka kwa miaka kumi na tisa. Mashuka yakitoka kwenye mashine ya kukaushia, wenzake husubiri yapoe kidogo. Yeye huyachomoa kwa mikono mitupu na kuyakunja yakiwa bado yanafuka. Mikono yake ilikuwa imekwisha kuzoea moto. Moyo wake haukuwa hivyo hata kidogo.

Miaka minne na nusu iliyopita aliitwa shuleni katikati ya zamu. Alikwenda na gauni lake la kufulia, mikono ya nguo imelowa hadi kwenye viwiko. Akamkuta binti yake amesimamishwa mbele ya shule nzima, tumbo limeanza kusukuma sare, miezi miwili kabla ya mtihani wa mwisho. Mwalimu Mkuu alikuwa na orodha mkononi. Anataja kitabu, binti anakitoa kwenye mkoba na kukiweka mezani. Hesabu, akakiweka. Kemia, akakiweka. Wanafunzi walikuwa wameambiwa watazame wapate fundisho. Kijana aliyempa mimba alisimama mstari wa tatu, shati limechomekwa vizuri. Yeye mtihani alifanya, akafaulu, akaenda zake chuo.

Chuma alipiga magoti palepale kwenye vumbi. Aliomba kitu kimoja tu, mtoto aachwe afanye mtihani, kisha aondoke. Mwalimu Mkuu alimjibu kwa sauti iliyofika mpaka mstari wa nyuma. "Mama, hapa ni shule. Hapa si wodi ya wazazi."

Na mtu huyohuyo, baada ya kustaafu, sasa anagombea ubunge, na kati ya mambo yote ya dunia hii ameamua kuitetea wodi ya wazazi.

Wodi yenyewe ilikuwa hatarini kweli. Mbunge aliyekuwepo, ambaye watu walimwita Mheshimiwa hata walipokuwa wakimtukana, alikuwa amekubali ifungwe mara tu baada ya uchaguzi, jengo lifanywe ofisi. Wajawazito wangepelekwa hospitali kubwa ng'ambo ya mto, safari ya saa moja na nusu barabara ikiwa kavu. Vitanda vilikuwa vimeshapakwa namba za rangi nyekundu, tayari kwa kuhamishwa. Chuma alizipita namba hizo kila alipopeleka mashuka. Kwenye kitanda kimojawapo binti yake alijifungua, akatokwa na damu kiasi cha mashuka saba. Chuma alijua kuwa ni saba kwa sababu aliyafua yeye mwenyewe kesho yake, moja baada ya jingine, huku mtoto na mama wakipumua ghorofa ya juu.

"Alikutoa mbele ya watu kama mwizi," alimwambia binti yake jioni ile, vipeperushi vikipeperuka uani.

"Najua, mama. Nilikuwepo."

"Basi mpe Wakili kura yako. Wakili naye anataka wodi ibaki, na hajamtendea mtu ubaya."

"Wakili hashindi."

"Hashindi kwa sababu watu kama wewe mnasema hashindi!"

"Hashindi kwa sababu hana watu. Karatasi za wote watatu tunachapa sisi. Mheshimiwa kachapa elfu thelathini. Mwalimu Mkuu elfu ishirini na tano. Wakili kachapa mia nane, akaomba tumkatie kila moja nusu kwa nusu ili zienee."

"Ukimpa kura yule mtu unamwambia kwamba alichokufanyia si kitu."

"Simsamehe, mama. Namtumia." Sauti ya binti haikupanda, na hilo ndilo lililomchoma zaidi Chuma. "Siku ile damu inanitoka, wodi ingekuwa ng'ambo ya mto, usingefua mashuka. Ungeshona sanda. Na hasira hii ni yangu. Aliyerudisha vitabu ni mimi. Niachie niifanyie ninavyotaka."

Mumewe aliona hapo ndipo pa kusuluhisha. "Mimi siendi kabisa," alisema. "Hao wote ni walewale. Atakayeingia atakula, atakayetoka keshakula. Mimi mikono yangu naiweka safi."

"Ni safi kwa sababu haijashika kitu!" Chuma alimgeukia. "Siku ya shule ulikuwa wapi? Ulisema ukienda utapigana, bora usiende. Hukwenda. Leo tena huendi. Wewe umezaliwa kutokwenda!"

Mzee alirudisha kioo chake cha kukuzia jichoni, akairudia saa yake.

Kuanzia hapo mama na binti hawakuzungumza isipokuwa kupitia kwa mtoto. "Mwambie mama yako chumvi imekwisha." "Mwambie bibi chumvi ipo nyuma ya mtungi." Mtoto alipeleka ujumbe mbio mbio, akidhani ni mchezo.

Siku ya nne, akitoka kazini, Chuma alipitia kwenye mkutano wa Wakili. Ulifanyika kwenye uwanja mdogo nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na watu hawakuzidi arobaini, ukiwahesabu na waliokuwa wakisubiri saruji. Wakili alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vilivyochakaa visigino. Hakuwa na muziki wala fulana za kugawa. Alieleza habari za wodi, za shule, za maji, kwa maneno ambayo mtu anaweza kuyashika. Chuma alimpenda kabla hajamaliza. Alipouliza nani ana swali, Chuma alinyoosha mkono.

"Utashinda?"

Watu walicheka. Wakili hakucheka. "Safari hii hapana, mama. Lakini kura zenu zikionekana, safari ijayo hawatatupuuza."

"Wanaozaa mwezi ujao wasubiri safari ijayo?" aliuliza mwanamke mmoja mjamzito aliyekaa juu ya mfuko wa saruji.

Wakili alimgeukia mwanamke yule. "Sina jibu zuri la swali hilo," alisema.

Chuma aliondoka akiwa amekasirika kuliko alivyokuja. Amepata mtu mkweli mmoja mwaka mzima huu, na mkweli mwenyewe anamwambia ukweli hautoshi! Njia nzima alikuwa akibishana peke yake, mikono inakwenda, mpaka mwuza matunda akamuuliza kama yu mzima.

Jumamosi Mwalimu Mkuu alikuja hospitalini. Mkutano uliandaliwa na Mkunga, mwanamke wa makamo aliyezalisha nusu ya mji na ambaye wafanyakazi wote walimwogopa kwa heshima. Ndiye aliyeutia mkono wake ndani ya binti wa Chuma na kuizuia damu mpaka daktari akafika. Kiwanja cha mbele kilijaa wauguzi, wafagizi, ndugu wa wagonjwa. Binti wa Chuma alikuwa mlangoni akigawa vipeperushi vilivyookotwa uani, baadhi bado vina alama za udongo.

Mwalimu Mkuu alikuwa amenenepa kidogo na kuongeza mvi, lakini sauti ilikuwa ni ileile ya kuzoea kusikilizwa. Alisema mama ni nguzo ya taifa. Alisema hakuna mwanamke atakayejifungulia barabarani yeye akiwa hai. Watu walipiga makofi, na Mkunga alipiga kuliko wote. Chuma, aliyekuwa amesimama karibu na ukuta na gauni lake la kufulia, alisikia damu ikimpanda kichwani. Hakukusudia kusema. Alijikuta amekwisha kusema.

"Mwalimu! Unanikumbuka?"

Alitazama upande ule akitabasamu. "Mama yangu, nyuso ni nyingi."

"Nilikupigia magoti shuleni kwako. Ukaniambia hapa si wodi ya wazazi. Binti yangu ulimnyang'anya vitabu mbele ya shule nzima, imebaki miezi miwili afanye mtihani. Leo unaipenda wodi. Umeanza lini kuipenda?"

Mkunga alitikisa kichwa taratibu, kumwambia Chuma aache, aache sasa hivi. Mwalimu Mkuu alivua miwani, akaifuta.

"Mama, pole," alisema. "Wakati ule kanuni zilikuwa kanuni. Binti yako si yeye peke yake. Walikuwa wengi. Siwezi kumkumbuka kila mmoja."

Alilisema kama udhuru. Alidhani wingi wao unampunguzia. Chuma alisikia neno lile likipita kwenye ule umati, wengi, wengi, na akaona wanawake wawili watatu wakiinua vichwa.

Kisha binti yake akapenya katikati ya watu, fungu la vipeperushi kwapani, akasimama mbele ya meza. Hakumtazama mama yake.

"Ni mimi," alisema. "Na kura yangu nimeshaamua kukupa, kwa ajili ya wodi. Sikuombi unikumbuke. Nataka useme mbele ya watu hawa kwamba wasichana waliofukuzwa watarudi kusoma."

"Hilo nitalitazama nikishapata..."

"Usilitazame. Liseme."

Mwalimu Mkuu alimgeukia mtu aliyesimamia kampeni yake. Yule mtu, ambaye macho yake yalikuwa kwa wauguzi na si kwa binti, aliinamisha kichwa kidogo kukubali. "Watarudi," akasema Mwalimu Mkuu. Makofi yakalipuka. Chuma hakupiga. Aliijua sauti ile. Ilikuwa sauti ya mtu anayetia saini karatasi bila kuisoma.

Saa hiyohiyo Mkunga alimfuata Chuma chini kwenye chumba cha kufulia, akaufunga mlango nyuma yake.

"Ulitaka nini, Chuma? Ashindwe? Nikianza kuwaambia wajawazito wasubiri gari la ng'ambo ya mto, utakuja kuwasubirisha wewe?"

"Na wewe dada, ulimpigia makofi. Wewe uliyeona binti yangu alivyokuwa anakwisha!"

"Nimempigia makofi aliyesema wodi haifungwi. Angesema shetani, ningempigia shetani. Mimi nina wanawake kumi na mmoja juu sasa hivi, hakuna hata mmoja atakayeniuliza mbunge ni mtu wa namna gani."

"Mimi nitauliza."

"Wewe uliza. Ukiuliza, mwenzako azae wapi?"

Mashine ya kukamua ilikuwa inazunguka, meza inatetemeka, na ilibidi wapige kelele ili wasikizane. Ilipokoma, wote wawili walijikuta wanapiga kelele katika kimya. Mkunga alitoka bila kuaga.

Jumatatu mwuza mboga wa langoni alikuja mpaka mlango wa chumba cha kufulia. Hakuwa amewahi kuingia humo. Alisimama akiufinya ukingo wa kanga yake. "Na mimi wangu," alisema. "Mwaka wa sita sasa. Naye alitolewa mstarini."

Alasiri akaja mfagizi wa wodi ya wanaume. Wake hata mimba hakuwa nayo, ilikuwa maneno ya watu. Alipopimwa na kuonekana hana, Mwalimu Mkuu alisema keshaharibu sifa ya shule, asirudi. Chuma alitafuta karatasi ya kuandikia, akapata vipeperushi vilivyobaki kutoka mkutano wa Jumamosi, vyenye upande mmoja mtupu. Akaandika nyuma ya sura ya Mwalimu Mkuu jina la msichana, mwaka, na darasa alilofikia. Mpaka siku ya uchaguzi alikuwa na majina thelathini na manne. Baadhi waliletwa na mama zao, wengine walikuja wenyewe, na mmoja aliandikishwa na baba yake ambaye hakuweza kumaliza kusema, ikabidi Chuma ayakisie mengine. Msichana huyo alikwishafariki. Alijaribu kuitoa mimba ili abaki shuleni.

Jioni ya mkesha wa uchaguzi Chuma alipofika nyumbani hakuvua hata viatu. Alikaa mezani karatasi zikiwa mbele yake. Binti yake alikuja akazisoma zote akiwa amesimama, kisha akaketi. Hawakumtuma mtoto tena.

"Bado utampa?" mama aliuliza.

"Bado."

"Baada ya hizi?"

"Kwa sababu ya hizi. Mheshimiwa hata kusema watarudi hajasema. Huyu kasema. Nitamshika kwenye neno hilo mpaka limkabe."

"Mimi siwezi. Nikiishika kalamu kwenye sura yake, mkono utakataa."

"Basi usimpe, mama. Sijakwambia umpe."

Siku ya kura walikwenda pamoja asubuhi, mama, binti na mtoto. Mzee alibaki na saa zake. Kituo kilikuwa kwenye darasa la shule ya msingi, madawati yamesukumwa ukutani, na foleni ilizunguka jengo mara moja na nusu. Chuma alipofika nyuma ya kile kiboksi cha kujificha, alikuta sura tatu zimepangwa wima. Kwa muda aliona mashuka saba. Aliyaona kweli, na maji ya kwanza yalivyotoka kwenye mashine. Kalamu ikaenda kwa Mwalimu Mkuu, ikasimama juu ya boksi lake. Ni alama moja tu. Wanawake wa ghorofa ya juu wanaihitaji.

Halafu akayaona magoti yake kwenye vumbi. Akaishusha kalamu kwa Wakili, akaweka alama, akaikunja karatasi.

Alikuwa ametegemea kwamba akimchagua mtu msafi atatoka mwepesi. Alitoka mzito. Mlangoni alimkuta yule mjamzito wa mfuko wa saruji, sasa tumbo limeshuka kabisa, ameletewa kiti na watu wa foleni. Chuma alimsalimu bila kumtazama usoni.

Matokeo yalisomwa redioni kesho yake mchana, akiwa kazini. Wakili alipata kura elfu moja mia moja na tisa. Mwalimu Mkuu alimshinda Mheshimiwa kwa kura sitini na mbili.

Ghorofa ya juu ilipasuka kwa vigelegele. Mkunga alishuka ngazi mbio, mwanamke wa umri ule, akamkumbatia kila mtu aliyemkuta, na alipofika kwa Chuma akamkumbatia pia, kwa nguvu, bila kumuuliza. Chuma alisimama mikono imening'inia. Furaha alikuwa nayo, angesemaje hana? Vitanda vinabaki. Lakini kichwani alikuwa anapiga hesabu, na kila alivyoipiga ilitoa jibu lilelile. Watu sitini na watatu tu wangefanya kama alivyofanya yeye, wodi ilikuwa inakwenda.

Jioni nyumbani, binti yake hakumsimanga. Ingekuwa nafuu angemsimanga.

"Ulimpa Wakili?"

"Nilimpa. Na sijuti."

"Sikukwambia ujute. Nauliza tu. Kama zingepungua?"

"Zingepungua, ningekuwa nimekosea," Chuma alisema. "Na nisingejuta."

"Hayo mawili hayakai pamoja, mama."

"Kwangu yanakaa. Yanagombana, lakini yanakaa."

Mapumziko ya Chuma yalikuwa Alhamisi. Alhamisi ya kwanza baada ya mbunge mpya kuapishwa alikwenda ofisini kwake na karatasi zake, akaambiwa yuko kikaoni. Ya pili, kikaoni. Ya tatu alimwona kwa macho yake akitoka mlango wa nyuma. Ya nne hakwenda peke yake. Alikwenda na binti yake, mwuza mboga, mfagizi, yule baba, na wanawake na wasichana wengine kumi na watano, wengine na watoto mgongoni, wakaijaza ile korido mpaka karani akakosa pa kupitisha chai.

Mlango ulifunguliwa. Mwalimu Mkuu aliwakaribisha wachache waliotosha ndani. Alimtambua Chuma safari hii.

"Mama, nikuulize kwa heshima," alisema. "Ulinipigia kura?"

"Hapana."

"Basi huna haja ya kuja kwa fujo namna hii. Unanidai nini?"

"Mimi sikudai. Anakudai huyu." Alimvuta binti yake mkono akamweka mbele ya meza. "Huyu alikupa, na alijua wewe ni nani. Ungeshindwa kama wote wangekuwa na roho kama yangu. Sasa wape walichokuja kukichukua."

Aliziweka zile karatasi mezani. Mwalimu Mkuu aliona sura yake, akazigeuza. Akaanza kupitia majina harakaharaka, kama mtu anayetafuta pa kutia saini aondokewe na kero. Kwenye karatasi ya tatu alisimama. Akavua miwani.

"Huyu," alisema polepole, "alikuwa wa kwanza kwa hesabu. Miaka miwili mfululizo. Hakuna mvulana aliyemkaribia. Yuko wapi?"

Yule baba aliyekuwa karibu na dirisha alijibu, neno moja tu. "Amekufa."

Na Chuma, ambaye alikuwa amejiandalia maneno ya Alhamisi nne, aliyasahau yote, kwa sababu jambo jingine lilikuwa limempiga usoni.

"Kumbe ulikuwa unawakumbuka," alisema.

Mwalimu Mkuu alivaa tena miwani yake.

"Mbele ya watu wote wale ulisema walikuwa wengi, huwakumbuki. Kumbe unawakumbuka! Unajua hadi alikuwa wa ngapi!" Sauti ilipanda na hakuizuia, korido nzima ilimsikia. "Mimi nilidhani uliwatupa kama takataka ukasahau. Hukusahau. Ulijua unatupa nini, na ukatupa. Bora ungesahau, mzee. Bora ungesahau!"

Binti yake alimshika mkono, akaubana, lakini hakumwambia anyamaze. Mwalimu Mkuu aliinua karatasi zote thelathini na nne, akazipanga pembe kwa pembe. Akamwita karani, akamwambia aandike barua kwa shule zote za jimbo, aiandike sasa hivi, na hawa wakae waisubiri.

Waliisubiri. Barua ilitoka kabla ya saa tisa, na binti yake ndiye aliyeipeleka dukani kuitolea nakala.

Muhula ulipoanza, kati ya wale thelathini na watatu waliobaki, walirudi tisa. Wengine walikuwa wameolewa mbali, wengine watoto wamewazidi idadi, wengine walisema aibu ile hawawezi kuirudia hata kwa dawa. Binti wa Chuma alirudi. Alikaa dawati moja na watoto waliomwita shangazi, akasoma kemia tangu ukurasa wa kwanza, na jioni fundi saa ndiye aliyembembeleza mjukuu ili mama yake amalize kuandika. Hakuna aliyemwomba. Alianza mwenyewe, na Chuma aliona, akanyamaza.

Mwezi wa pili wa muhula, wakiwa kazini, redio ya chumba cha kufulia ilirusha mahojiano na mbunge. Alisema jambo analojivunia kuliko yote ni kuwarudisha shuleni wasichana waliokatishwa masomo. Alisema wazo hilo alikuwa nalo rohoni tangu akiwa mwalimu.

Mkunga, aliyekuwa amefuata mashuka ya wodi, alimtazama Chuma usoni, akanyoosha mkono haraka aizime redio.

"Iache," alisema Chuma. Alifungua mlango wa mashine ya kukaushia, akaingiza mikono yote miwili, akalichomoa shuka la kwanza likifuka. "Iache, dada. Nataka nisikie yote. Kesho Alhamisi."